Sakafu inalia maji kila masika na kutoa chumvi (Makorora, Tanga): tuvunje yote au kuna njia?

#1 BintiMakorora
Habari za jioni wakuu. Nyumba yetu iko Makorora, Tanga mjini. Ni ya tofali za saruji, vyumba vitatu na ukumbi, marehemu baba aliijenga miaka ya 1980. Sakafu ni ile ya niru nyekundu ya zamani, ikisuguliwa kwa kumbi la nazi inang'aa hasa.

Shida ni hii. Kila masika, kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka Mei, ukumbi na chumba cha nyuma vinakuwa na unyevu. Mkeka ukilala sakafuni usiku, asubuhi unaukuta na ukungu upande wa chini. Mvua zikikatika unatoka unga mweupe kama magadi, halafu niru inabanduka maganda maganda. Tumeziba viraka, lakini mwaka unaofuata panabanduka pembeni ya kiraka.

Fundi mmoja anataka kubandika marumaru juu, anasema yataficha. Mwingine anasema tuvunje, tumwage jamvi jipya, yaani zege la sakafu. Bei zao zinapishana mno. Mimi naona marumaru juu ya sakafu inayolia maji ni kutupa hela. Nani amepitia haya?

#2 KokotoMbili
Chini hakuna nailoni ya kuzuia maji ya ardhini, basi. Nyumba nyingi za enzi hizo walijaza kifusi, wakashindilia kwa miguu na maji, wakamwaga zege jembamba juu. Zege lina vinyweleo. Ardhi ikilowa, maji yanapanda yenyewe kwenye vinyweleo hivyo, yakifika juu yanakauka na chumvi inabaki. Vunja, weka nailoni ya geji 1000, mwaga jamvi upya. Viraka utaziba mpaka uzeeke.

#3 Kibarua_Ngamiani
Nipo siti ya mbele. Kwetu Ngamiani hali ni hiyo hiyo.

#4 MwikoMzee
KokotoMbili umesema kweli, lakini umekimbilia nyundo mapema. Kama shida ni nailoni peke yake, mbona vyumba viwili vya mbele havilii? Nyumba moja, kifusi kimoja, jamvi moja. Kuna kitu upande ule.

Binti, nijibu haya. Choo na bafu viko upande gani? Mvua ikinyesha maji ya paa yanaangukia wapi? Na uani ardhi iko chini ya sakafu kwa kiasi gani?

#5 BintiMakorora
Shikamoo mzee. Choo na bafu viko nyuma, ukuta mmoja na chumba kinacholia. Gata ilikuwepo ikaoza, sasa maji yanashuka moja kwa moja pembeni ya ukuta. Uani tumekuwa tukijaza kifusi kila matope yakizidi, kwa hiyo sasa nje na ndani karibu ni sawa. Halafu jirani wa nyuma amemwaga zege kiwanja kizima, mvua ikija maji yake yote yanakuja kwetu.

#6 MwikoMzee
Marahaba mwanangu. Sasa tunaongea. Juu ya msingi, kabla ya kozi za ukuta kuanza, hulazwa ule mpira mweusi, dipisii. Kazi yake ni kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani. Ardhi ya nje inatakiwa ikae sentimita 15 hivi chini ya mpira huo. Ninyi mmejaza kifusi mpaka mmeuzika. Maji yanaingia kwa ubavu juu ya mpira, yanateremka kwenye sakafu. Hata ukimwaga jamvi jipya lenye nailoni, ukuta utaendelea kunywa.

Mimi ningeanza na jembe. Ondoa kifusi kando ya ukuta, rudisha gata, chimba mtaro wa kupokea maji ya jirani uyatoe barabarani. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na jamvi.

#7 FundiBomba
Salaam. Jamani bafu liko ukuta mmoja na chumba kinacholia na hakuna aliyetaja bomba? Funga koki zote za ndani usiku, soma mita, asubuhi soma tena kabla mtu hajanawa. Namba ikisogea, bomba linavuja chini ya sakafu. Mabomba ya chuma ya miaka hiyo yameshaoza, hasa yaliyofukiwa kwenye zege lililochanganywa mchanga wa chumvi.

#8 NahodhaSahare
Mnasahau bahari. Mimi nakaa Sahare, nina kisima. Siku za bamvua, bahari ikijaa na kupwa sana, maji ya kisima yanapanda, siku za maji mafu, ikijaa na kupwa kidogo, yanashuka. Bahari yetu hapa inapanda na kushuka mita tatu na zaidi mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Ardhi ya Tanga chini ni mawe ya matumbawe na chokaa, ina mianya. Maji ya bahari yanayasukuma ya mvua juu. Ndiyo maana sakafu zinatoa chumvi. Chumvi mngeipata wapi kama si baharini?

#9 KokotoMbili
Nahodha, Makorora si ufukweni! Sahare nakubali, wewe karibu unavua ukiwa barazani. Lakini bahari ipande mpaka Makorora ikalowanishe mkeka wa dada wa watu?

#10 NahodhaSahare
Cheka, ila mwambie aandike siku ambazo sakafu inalia zaidi, alinganishe na mwezi. Tutaonana.

#11 MpimaUdongo
Nahodha hajakosea kuhusu kisima chake. Karibu na ufuko maji ya ardhini hufuata kupwa na kujaa. Ila mwendo huo hufifia haraka kadiri unavyoingia bara, na unategemea aina ya ardhi. Kwa Makorora ningeuweka mwisho wa orodha, nisingeufuta.

Kuhusu chumvi, inatoka sehemu nyingi: mchanga wa ufukweni, maji ya kisima yaliyochanganyia zege, udongo wenyewe, hata maji ya choo. Unga mweupe unakwambia maji yamepita hapo yakakauka. Haukwambii yametoka wapi.

Sasa, kabla ya kushika nyundo au jembe, fanya kipimo cha nailoni. Kata vipande vya nailoni safi vya nusu mita kwa nusu mita. Kausha sakafu kwa kitambaa, bandika kimoja chumba cha nyuma, kimoja ukumbini, kimoja chumba cha mbele, ziba kingo zote nne kwa gundi ya utepe. Acha siku nzima, usiku ukiwemo. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi chini yake, maji yanatoka ardhini. Ukikuta chini pakavu na juu ya nailoni pameloa, hilo ni jasho la hewa. Hewa yenye unyevu ikigusa sakafu iliyopoa inaacha maji, hata ungekuwa na nailoni tano chini ya jamvi.

#12 MamaTerazo
Ngojeni niwape ya kwangu, maana na mimi niliambiwa "marumaru yataficha". Niko Mikanjuni. Ukumbi ulikuwa unalia, tukabandika marumaru makubwa ya sentimita 60 kwa 60. Yalipendeza. Ikaja vuli ya mwisho wa 2023, zile mvua za El Niño, halafu masika ya 2024 iliyotuletea na Kimbunga Hidaya mwezi wa tano. Ilipofika kaskazi, jua kali, usiku tukasikia kishindo ukumbini, tukadhani mwizi. Marumaru ya katikati yamenyanyuka yameegemeana kama hema. Ukigonga yaliyobaki, nusu yanalia tupu. Dada wa Makorora, una haki. Unyevu hauzikwi.

#13 MwikoMzee
Pole sana mama. Ila kunyanyuka kule si unyevu peke yake. Nakuuliza: kando ya ukuta, chini ya skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta), waliacha nafasi?

#14 MamaTerazo
Walijaza grauti, ile ya kuzibia mianya ya marumaru, mpaka ukutani. Na kati ya marumaru na marumaru hata ukucha haupiti, mimi mwenyewe nilitaka yakutane yapendeze.

#15 MwikoMzee
Basi hapo ndipo ugomvi ulipo. Marumaru yakinywa unyevu yanavimba kidogo, joto nalo linayatanua, na yakikosa pa kwenda yanasukumana mpaka yanapanda. Inatakiwa nafasi ya milimita 5 mpaka 10 kuzunguka chumba chote, skatingi inaifunika, haionekani. Na gundi isambazwe tile nzima. Wengine wanaweka mabonge matano tu, chini panabaki pango la kukusanyia maji.

#16 KokotoMbili
Mzee, na sakafu ingekuwa kavu yasingenyanyuka hata bila nafasi.

#17 MwikoMzee
Yangenyanyuka. Nimeona ghorofani, ambako hakuna ardhi ya kutoa maji.

#18 MgosiWaMilimani
Watu wa pwani poleni. Njooni Lushoto, hewa safi, hamtalala na vyura ukumbini 😀

#19 MamaTerazo
Mgosi, ukungu wa Lushoto unaingia hadi kwenye kabati la nguo. Tulia hapo. Leta viazi tu.

#20 Kaole_Kwetu
Salaam kutoka Bagamoyo. Naongezea jambo ambalo sijaliona humu. Nyumba za Mji Mkongwe huku zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za zamani ni chokaa iliyopondwa. Kuta zile zinanywa maji masika na kuyaachia kiangazi, hazina dipisii wala nailoni, na zimesimama zaidi ya miaka mia. Ndugu yangu alirithi moja, akaona sakafu inachubuka, akaitindua, akamwaga zege zito na plasta ya saruji mpaka nusu ya ukuta. Masika iliyofuata sakafu ilikuwa kavu kabisa. Lakini ukuta, ambao hapo kabla haukuwa na shida, ukalowa mpaka usawa wa kifua na rangi yote ikamwagika. Maji yalizibiwa njia ya sakafuni yakatafuta ya ukutani.

Kwa hiyo mnaosema "vunja weka nailoni", mwambieni dada na ukuta wake utafanywaje.

#21 MpimaUdongo
Kaole umegusa penyewe. Nailoni ya sakafu lazima ipande kandoni na kuungana na dipisii ya ukuta. Isipoungana, ile nafasi ya pembeni ndiyo inakuwa njia ya maji. Vipande vya nailoni navyo vilaliane angalau sentimita 30 na vifungwe kwa utepe. Na chini yake lazwe mchanga laini, la sivyo kokoto zinaitoboa siku hiyo hiyo ya kumwaga zege.

#22 Kijana_wa_Kange
Mimi fundi wangu alisema nimwage oili chafu sakafuni, inaziba vinyweleo na kufukuza mchwa. Ni kweli?

#23 MwikoMzee
Usifanye mwanangu. Oili inakaa juu juu, inanuka, na baada ya hapo hakuna plasta wala gundi itakayoshika. Utalazimika kutindua yote.

#24 BintiMakorora
Wakuu nimerudi na matokeo. Nimebandika nailoni vyumba vitatu, jana mchana mpaka leo jioni, na usiku mvua ilinyesha kweli. Chumba cha nyuma: matone chini ya nailoni, na sakafu imekuwa nyeusi. Ukumbini: chini pakavu, juu ya nailoni asubuhi paliloa. Chumba cha mbele: pakavu juu na chini. Mita nayo nimeisoma, haikusogea.

#25 KokotoMbili
Chumba cha nyuma si nilisema!

#26 FundiBomba
Subiri kwanza. Mita inapima maji safi tu. Bomba la maji machafu la bafu na choo halina mita. Likipasuka chini ya sakafu, linamwaga kila mkioga na wewe hujui. Nunua rangi ya chakula nyekundu, koroga kwenye ndoo ya maji, mimina kwenye tundu la bafu, fungua chemba ya nje (kile kishimo cha kukagulia bomba) uangalie. Ikitoka yote, sawa. Ikitoka kidogo, au ukaiona imejitokeza pembeni ya ukuta wa chumba, bomba limepasuka. Na shimo la maji taka liko mbali kiasi gani na nyumba?

#27 BintiMakorora
Shimo liko karibu sana na ukuta wa nyuma. Masika huwa linajaa mpaka tunaita gari la kunyonya.

#28 FundiBomba
Hapo sasa. Shimo likijaa masika, udongo wote unaolizunguka umeshiba maji. Na hayo maji yana chumvi za kila aina. Unga mweupe wenu unaweza kuwa unatoka humo, tusimsingizie Nahodha bahari yake.

#29 NahodhaSahare
Na shimo linajaa masika kwa nini? Kwa sababu maji ya ardhini yamepanda. Tunarudi kule kule.

#30 MwikoMzee
Au kwa sababu maji ya jirani na ya paa yanaingia humo. Alisema gata imeoza.

#31 MgosiWaMilimani
Kwa hiyo jirani, bahari, choo na marehemu nailoni wote wana kesi ya kujibu. Na ukumbini je? Pale chini pakavu.

#32 MpimaUdongo
Ukumbini ni jasho. Usiku sakafu inapoa, asubuhi mlango unafunguliwa, hewa nzito ya masika inaingia na kugusa sakafu ya baridi. Dawa yake ni feni, na kutoweka mikeka na mazulia ya plastiki yanayozuia hewa. Madirisha yafunguliwe mchana kukiwa na upepo, asubuhi mvua ikiwa imetoka kukatika subiri kidogo. Kuvunja sakafu ya ukumbi kwa ajili ya jasho ni hasara.

#33 KokotoMbili
Mtaalamu, hapo sikubaliani nawe. Jasho la hewa ni maji matupu, halina chumvi. Dada kasema ukumbi nao unatoa unga na unabanduka. Unga umetoka wapi?

#34 MwikoMzee
Swali zuri. Jibu langu ni mchanga. Zamani watu wengi huku walichota mchanga wa ufukweni, haukununuliwa. Chumvi imo ndani ya plasta yenyewe tangu siku ya kwanza. Chukua kipande kilichobanduka, kilowanishe kwa maji safi, gusa kwa ulimi. Mafundi wa zamani tulikuwa tunaulamba mchanga kabla ya kuukubali.

#35 MpimaUdongo
Naliafiki hilo, na linaongeza uzito. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi. Asubuhi za masika Tanga tunapita hapo kirahisi. Kwa hiyo plasta yenye chumvi inalowa bila tone kutoka ardhini, ikikauka chumvi inaganda na kutanuka ndani ya vinyweleo, inasukuma niru ibanduke. Ila kipimo cha siku moja hakitoshi kuthibitisha. Ardhi chini ya ukumbi inaweza kuwa bado haijashiba. KokotoMbili anaweza kuwa sahihi mwezi wa tano. Rudia kipimo mvua zikizidi.

#36 KokotoMbili
Ahsante. Nitaweka alama hapa.

#37 Kijana_wa_Kange
Tuseme kavunja chumba cha nyuma tu. Vifaa vinakuwa vingapi? Mimi najenga, nataka kujua.

#38 MwikoMzee
Chumba cha futi 12 kwa 12, jamvi la sentimita 10, mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto): saruji mifuko 8 mpaka 9 ya kilo 50. Plasta ya sentimita 4 juu yake, moja kwa nne, mifuko 4. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka, usimwage chote mara moja. Mchanga uwe wa mto, maji yawe ya bomba. Zege limwagiwe maji siku 7.

#39 KokotoMbili
Na kama hataki kuvunja, alaze nailoni juu ya sakafu ya zamani, apige plasta ya sentimita 3 juu. Rahisi.

#40 MwikoMzee
Sentimita 3 juu ya nailoni itapasuka yote. Haijashika chochote chini, imeelea tu. Isipungue 5, bora 6 au 7, na waya ndani. Hapo milango yote itakatwa, na kutakuwa na ngazi kati ya chumba na ukumbi, mtoto atajikwaa kila siku. Lakini ni njia, na ni nafuu kuliko kutindua. Kwa nyumba yenye dari fupi siishauri.

#41 MamaTerazo
Na baada ya plasta mpya, marumaru yabandikwe lini? Mimi walinibandikia wiki ya pili.

#42 MpimaUdongo
Plasta kuwa ngumu na plasta kuwa kavu ni mambo mawili. Kila sentimita moja ya unene huhitaji siku 10 hivi ikauke, tena hali ya hewa ikiwa nzuri. Ya sentimita 5 ni karibu miezi miwili. Masika ni zaidi. Ukifunika kabla, maji ya zege lenyewe yanabaki chini. Bandika tena kile kipande cha nailoni, kikiwa kikavu chini, ita fundi wa marumaru.

#43 Kaole_Kwetu
Hayo yote yafanywe kiangazi. Kutindua sakafu Aprili ni kujitafutia bwawa chumbani.

#44 BintiMakorora
Nashukuru sana wote. Kwa sasa vijana wameanza kuondoa kifusi kando ya ukuta, na gata nimeagiza. Rangi ya FundiBomba naimimina Jumamosi. Kile kipande nimekionja mzee, kina chumvi kweli, cha ukumbini kuliko cha nyuma.

#45 FundiBomba
Cha nyuma kina chumvi kidogo kwa sababu maji yanapita kila siku yanaisafisha. Bomba hilo.

#46 NahodhaSahare
Bamvua inakuja wiki ijayo. Bandika nailoni siku hiyo pia.

#47 Kibarua_Ngamiani
Mimi kwetu sakafu ipo sawa, imezama tu katikati ya chumba, ukimwaga maji yanakusanyika hapo, na pembeni pana ufa unaofuata ukuta pande zote nne. Haitoi chumvi. Nayo ni unyevu?

#48 MwikoMzee
Hiyo ni nyingine. Kifusi hakikushindiliwa, kimenywa maji kikashuka, jamvi limekosa pa kulalia. Au shimo la zamani lilifukiwa chini yake. Gonga katikati kwa mpini wa nyundo, sikiliza kama panalia tupu. Piga picha ya huo ufa, weka shilingi pembeni yake tuone upana, ufungue uzi wake.